Vitabu vya marudio kwa mitihani ya tiba ya dharura: chagua kitakachokuuliza, na ujue kinamzungumzia mgonjwa wa wapi

ZamuYaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila mitihani ya mwisho ikikaribia, simu yangu inajaa swali moja: "Daktari, nisome kitabu gani?" Wanaouliza ni marezidenti (madaktari wanaosomea ubingwa), madaktari walio intanshipu wanaotaka kuomba nafasi ya ubingwa, na siku hizi hata maofisa tabibu. Huwa nawajibu nusunusu kwa sababu niko zamu. Leo nipo nyumbani, niandike kwa kirefu, nanyi mliopita njia hii mniongezee na mnisahihishe.

Mimi nilisoma MMed, shahada ya ubingwa, hapahapa nyumbani, miaka mitatu, kisha nikafanya ile mitihani ya Waingereza, MRCEM. Fani yetu ni changa. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa 2010 na mafunzo ya ubingwa yakaanza mwaka huohuo. Kwa hiyo vitabu tunavyorithishana vingi vimeandikwa Marekani, Uingereza na Afrika Kusini, na mtu anakabidhiwa orodha bila kuambiwa kila kitabu kinafaa kwa kazi ipi.

Nianze na kosa langu. Mwaka wa kwanza niliazima Tintinalli, kile kitabu cha Kimarekani chenye kurasa zaidi ya 2,000, nikaapa nitakimaliza. Natoka zamu asubuhi, nalala kidogo, naamka na kalamu ya njano. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimepaka rangi sura nzimanzima, lakini ukinifunika kitabu sikumbuki hata dozi nilizozipigia mstari jana yake. Kitabu hakina kosa lolote. Ni kizuri mno, na Rosen cha juzuu mbili nacho vilevile. Ila hivyo ni vitabu vya rejea. Unavifungua ukiwa na mgonjwa aliyekusumbua usiku, unapata jibu, unafunga. Kujipima ni kazi nyingine na inahitaji kitabu kingine.

Kuna utafiti ulionibadilisha. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja likasoma mara nne. Jingine likasoma mara moja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika linachokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojipima walikumbuka asilimia 61 na waliorudia kusoma asilimia 40. Ndiyo maana mtu anatoka maktaba akiamini ameiva, siku ya mtihani hana kitu. Zile dakika tano za kwanza zinamdanganya.

Basi mimi kitabu cha marudio nakipima hivi. Kwanza, kinauliza kwa namna mtihani wangu unavyouliza? MRCEM ya mwanzo ina maswali 180 kwa saa tatu, dakika moja kwa swali, na sehemu kubwa ni anatomia na fiziolojia. Ukijiandaa kwa kitabu cha visa virefu vya wodini, utafika pale ukiwa daktari mzuri na utashindwa jina la neva. Mtihani wa vituo vya vitendo nao, ule tunaouita oski, unataka kinywa na mikono. Huko kitabu kizuri ni kile chenye karatasi ya mtahini ndani yake, ili mwenzako aishike akupe alama.

Pili, ufafanuzi. Ukiwa dukani au umeazimwa kitabu, fungua mada unayoijua vizuri kuliko zote, soma maswali matatu, kisha soma majibu. Kama kimeandika tu "jibu ni C" na mstari mmoja, kirudishe. Kinachofaa kinakueleza kwa nini A, B na D si sahihi, kwa sababu mtihani ujao huyo B ndiye atakuwa jibu.

Tatu ni toleo, na hapa nina kidonda. Niliwahi kujiandaa kwa kitabu cha ajali nilichorithi kwa kaka mmoja aliyenitangulia. Kilifundisha majeruhi mwenye shoku (mzunguko wa damu umeshindwa) apewe lita moja hadi mbili za maji ya dripu, na kifua kilichojaa hewa kwa shinikizo kichomwe sindano juu, nafasi ya pili ya mbavu. Nikasimama mbele ya mtahini nikayasema yote mawili kwa kujiamini. Kumbe toleo la kumi la ATLS (mwongozo wa kozi ya kuhudumia majeruhi), la 2018, lilishabadilisha: lita moja ya kuanzia, damu mapema, na kwa mtu mzima sindano ichomwe ubavuni, nafasi ya nne au ya tano. Kwa mtoto ndipo inabaki palepale pa zamani. Alama za kituo kile zilikwenda kwa sababu sikufungua ukurasa wa pili kuangalia mwaka.

Nawasilisha. Karibuni.

Intani_Mbeya

Asante sana mkuu, umenigusa kabisa. Naomba kuuliza. Sisi wengi hatuna uwezo wa kununua vitabu vipya. Tunategemea kopi za steshenari na madesa ya kaka zetu, yale makaratasi ya maswali na majibu tunayorithishana. Je, tuache kabisa? Na miongozo inabadilika kila mara, nitajuaje kitabu kimepitwa?

ZamuYaUsiku

Mdogo wangu, usiache. Mimi pia nimesomea kopi. Ila kuna vitu kopi inaviua. Cha kwanza ni ECG, mchoro wa umeme wa moyo. Kopi nyeusi inafuta viboksi vya karatasi, na bila viboksi huwezi kuhesabu chochote: kiboksi kidogo ni sekunde 0.04, kikubwa 0.2. Nimeona watu wanakariri umbo la ECG kama picha ya mtu, kisha mtihani unaleta ugonjwa uleule kwa kasi nyingine, wanapotea. Picha za ngozi na eksirei ni hivyohivyo. Vitu vya picha visomee kwenye kioo cha simu, au bora zaidi omba ECG halisi za wagonjwa wa idara yako, funika jina, pitieni wawili wawili mwisho wa zamu.

Madesa yana faida moja kubwa: yanakuonyesha mtahini anapenda kuuliza nini. Majibu yake usiyaamini. Mtu aliandika jibu usiku akiwa amechoka, likakopiwa miaka sita. Chukua swali, tafuta jibu mwenyewe, andika na ukurasa ulikolitoa. Hapo desa linakuwa kitabu chako.

Kuhusu kupitwa, mada zinazozeeka haraka ni chache. Ufufuaji wa moyo: miongozo mikubwa inatoka kila miaka mitano, 2015, 2020, 2025. Kitabu kikikwambia umpe atropini mgonjwa ambaye moyo umesimama kabisa, jua kimeandikwa kabla ya 2010, maana mwaka huo ndipo ilipoondolewa. Sepsisi, yaani maambukizi yanayofanya viungo vya mwili vishindwe: maana yake ilibadilishwa 2016. Majeruhi nimeshasema. Sumu, kiharusi na malaria angalia pia. Lakini anatomia ya mkono haijabadilika tangu babu yako. Kitabu cha zamani cha anatomia nunua kwenye vitabu vya mitumba bila hofu.

Mwana_wa_Kisauni

Shukran kwa uzi, daktari. Niko Mombasa. Naongezea jambo ambalo lilinitesa mwaka mzima: vipimo na majina ya dawa.

Vitabu vya maswali vya Wamarekani vinapima sukari kwa miligramu kwa desilita. Sisi na Waingereza ni milimoli kwa lita. Ukiona sukari 54 usishtuke, gawanya kwa 18, ni 3. Kreatinini yao, kipimo cha figo, ukiona 1 zidisha kwa 88. Dawa nazo wana majina yao: adrenalini wanaiita epinefrini, parasetamoli ni asetaminofeni, salbutamoli ni albuteroli. Linaonekana jambo dogo, lakini ukiwa na dakika moja kwa swali, sekunde ishirini zinapotea ukitafsiri. Kama mtihani wako ni wa Uingereza au wa hapa kwetu, kitabu cha maswali cha Kimarekani kiwe cha pili, kisiwe cha kwanza.

Halafu kwa watoto, sisi Kenya tuna kile kijitabu cha Wizara cha itifaki za msingi za watoto. Kinaingia mfuko wa koti. Sijaona kitabu kikubwa kinachoshinda kijitabu kile kwa mtihani wa hapa nyumbani.

ZamuYaUsiku

Ahsante sana ndugu yangu wa Mombasa. Hilo la 18 nilikuwa nimelisahau kabisa, na ni la kweli.

DadaWaTriaji

Hongereni. Mimi niko mwaka wa pili wa MMed. Kuna kitu kinanikwaza na nisingependa kukiuliza darasani. Mtoto wa miaka miwili ana homa, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya haraka. Kitabu changu cha maswali kinasema maji ya dripu mililita 20 kwa kilo haraka, kisha rudia. Wodini bosi wetu anakataza. Nijibu kitabu au nimjibu bosi? Maana mtihani ni mtihani.

ZamuYaUsiku

Dada, hili swali ndilo lililonifanya nifungue uzi. Naomba mnivumilie niliandike polepole.

Kile unachofundishwa na bosi wako kimetoka hapahapa kwetu. Kati ya 2009 na 2011 ulifanyika utafiti unaoitwa FEAST, watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu. Hospitali zenyewe tunazijua: Kilifi kwa Kenya, Mulago, Soroti, Mbale na Lacor kwa Uganda, na Muheza kwetu, pale Teule. Watoto waligawanywa: wengine maji mengi ya haraka (ndiyo bolasi), ya chumvi au ya albumini, protini ya damu, wengine maji ya kawaida ya polepole bila bolasi. Kila mtu alitarajia maji yaokoe. Baada ya saa 48, kwenye makundi ya bolasi walikufa asilimia 10.6 na 10.5. Kwa wasiopewa bolasi, asilimia 7.3. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Kila usiku wa intanshipu nilikuwa nimefanya kile kitabu kilichosema, kwa nia njema kabisa.

Mwaka 2016 WHO ikaandika upya mwongozo wake wa dharura za watoto. Sasa mtoto anahesabiwa ana shoku akiwa na dalili tatu zote kwa pamoja: mikono na miguu ya baridi, damu kurudi kwenye kidole ulichokibonyeza kwa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu yaendayo haraka. Huyo anapewa mililita 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya dakika 30 hadi 60, si kwa kusukuma. Mwenye dalili moja au mbili tu hapewi maji ya haraka. Mtoto wa swali lako ana moja kamili, mikono na miguu ya baridi. Ya damu kurudi kidoleni hawajakwambia, na mapigo ni ya haraka lakini hawajasema ni dhaifu. Na angalia: FEAST haikuwaingiza watoto wa kuhara wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto aliyekaushwa na kuhara ni habari nyingine, usije ukamnyima maji kwa sababu ya uzi huu.

Kwa watu wazima iko Zambia. Hospitali ya chuo kikuu Lusaka, matokeo yalitoka 2017: wagonjwa 209 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Waliofuata ratiba ya maji mengi mapema walikufa asilimia 48.1 wakiwa hospitalini, waliotibiwa kwa kawaida ya pale asilimia 33.

Sasa mtihani. Jibu langu: mjibu mtahini aliye mbele yako, lakini ujue majibu yote mawili na ujue kila moja limetoka kwa mgonjwa wa wapi. Kitabu cha nje kinamfikiria mtoto ambaye mashine ya kupumulia iko chumba cha pili. Ukiwa kwenye mtihani wa nyumbani, taja mwongozo wa nyumbani, taja na FEAST. Sijaona mtahini wa hapa akimnyima alama mtu aliyetaja FEAST kwa usahihi. Ukiwa kwenye mtihani wa nje, soma mwongozo wao wa sasa, maana nao wamepunguza. Ile 20 ya kitabu chako huenda hata kwao imeshazeeka.

Kwa hiyo ninapochagua kitabu cha maswali sasa natafuta sura ya watoto na sura ya sepsisi kabla ya kuangalia jalada. Kikiwa kimetaja utafiti wa Afrika na kueleza mipaka yake, mwandishi huyo amejali. Kikiwa hakijataja, bado naweza kukitumia, ila najua pembeni niandike nini kwa kalamu.

Hilo si la maji peke yake. Malaria kali: watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, mwaka 2010, ndio walioonyesha kuwa artesunate inaokoa kuliko kwinini, vifo asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Katika kitabu cha Kimarekani malaria ina kurasa chache karibu na magonjwa ya wasafiri. Sura ya nyoka inamzungumzia nyoka mwenye njuga mkiani. Anayeng'ata watu wetu ni kifutu, koboko na swila. Mimi vitu hivi navisomea kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa, toleo la 2021 kwa Tanzania Bara, na kwenye kitabu cha AFEM, shirikisho la tiba ya dharura la Afrika, kilichotoka mara ya kwanza 2013. Hicho kiliandikwa na watu wanaojua maana ya kukosa CT, ile picha ya kompyuta, usiku. Jarida lao nalo liko wazi mtandaoni, husomi kwa kulipia.

DadaWaTriaji

Nimekuelewa sana daktari. Mungu akubariki. Kumbe nilikuwa nauliza swali la kitabu, kumbe ni swali la mgonjwa.

Tabibu_Rukwa

Shikamooni wakubwa. Mimi ni ofisa tabibu, kituo cha afya, huku hatuna daktari bingwa. Nataka kujiendeleza, na mwakani nina mtihani wa kujiunga na digrii. Vitabu mnavyovitaja ni vizito kwangu na umeme wenyewe ni wa kubahatisha. Nianzie wapi?

ZamuYaUsiku

Marahaba kaka. Wewe anza na kile cha WHO na Msalaba Mwekundu wa kimataifa, cha huduma ya msingi ya dharura, kilichotoka 2018. Kinapakuliwa bure. Tanzania, Uganda na Zambia ndizo zilizokijaribu mwanzo, kwa hiyo hakijaandikwa kwa ajili ya watu wa mbali. Kinakupitisha kwenye ABCDE (njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kumfunua mgonjwa), kisha mambo manne: majeruhi, anayepumua kwa shida, shoku, na aliyebadilika fahamu. Kila sehemu ina maswali ya kuandika mwenyewe. Ukipakua ukiwa mjini, chapisha sehemu ya maswali tu na karatasi za ABCDE, mengine yasome kwenye simu.

Na usijione mdogo mbele ya vitabu vizito. Mtu anayeijua ABCDE mpaka inamtoka usingizini anawapita wengi kwenye oski, mimi nimewaona.

Mwana_wa_Kisauni

Tabibu, ukipata wenzio wawili mfanye kwa sauti. Mmoja mgonjwa, mmoja daktari, mmoja ameshika karatasi. Sisi tulifanya hivyo kila Jumapili baada ya chai, na nilipoingia chumba cha mtihani mdomo ulikwenda wenyewe.

Intani_Mbeya

Mkuu, swali la mwisho. Vitabu vingapi? Rafiki yangu ana tisa.

ZamuYaUsiku

Kimoja cha rejea, ambacho unaweza kuazima. Kimoja cha maswali, ambacho ni chako na utakichafua kwa kalamu. Na mwongozo wa nchi yako. Hicho cha maswali kipitie chote, uweke alama uliyokosa, uyarudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki mbili. Ukimaliza na muda bado upo, ndipo ununue cha pili. Huyo mwenye tisa mwambie achague kimoja leo jioni.

Tujaribu na hapa. Nimetunga swali, si la desa. Mtoto wa miaka mitatu, kilo 14, homa siku mbili, amedegedeka nyumbani, sasa haitiki vizuri. Kipimo cha malaria kimekubali. Mikono ina joto, damu inarudi kidoleni kwa sekunde mbili. Utafanya nini kwanza, na artesunate kiasi gani? Ajibu Tabibu, wengine mngoje.

Tabibu_Rukwa

Nimetoka kumhudumia mama mjamzito, samahani kwa kuchelewa. Njia ya hewa na kupumua kwanza, nimlaze ubavu, oksijeni nikiwa nayo. Kisha sukari hapohapo kabla ya dawa. Ikiwa chini, dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, hiyo ni 70. Maji ya haraka simpi, hana shoku. Artesunate miligramu 3 kwa kilo kwa sababu hajafika kilo 20, kwa hiyo 42. Kama angekuwa kilo 20 au zaidi ningetumia 2.4.

ZamuYaUsiku

Alama zote, kaka. Narudi zamu sasa. Swali lijalo nitaliweka Jumamosi, litakuwa la ECG, na picha nitaipiga viboksi vionekane.